Pima ya Bi Tatu

Nakumbuka siku moja uani kwetu Mbagala, na kila aliyekuwepo nakumbuka alipokaa. Bi Tatu, mzee wa Kilwa aliyenifundisha kusuka, alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko. Mama Neema, jirani yetu aliyetokea Songea, alikalia ndoo aliyoifudikiza. Bi Arafa, ambaye ukoo wake wa Kiarabu una duka pale kona tangu sisi hatujazaliwa, alikuwa chini jamvini, kakunja miguu huku akilalamikia magoti. Mdogo wangu Shabani, wakati huo yuko sekondari, aliegemea ukuta akijifanya hasikilizi. Mdogo wetu wa mwisho, Zuhura, alikuwa amelishika pindo la kanga yangu. Na mimi Somoe, dada yao, nilikaa katikati yao wote na shazia mkononi, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, wala sikuwa nashona kitu.

Mwanangu, nimekutajia wote hao kwa sababu wale kina mama watatu kila mmoja alikuja na kitu, na kitu kile nilitakiwa kukirudisha. Nitakueleza.

Baba alitutangulia. Mama akafuata, na mama aliondoka kwa miguu yake. Alitoka asubuhi kwenda hospitali, akatuambia uji uko sufuriani, tusiuache upoe. Hakurudi. Kwenye matanga wajomba walikaa kugawana watoto: Shabani aende Lindi, Zuhura apelekwe kwa shangazi Tanga, mimi nitafutiwe mume. Nilikuwa nimeanza sekondari tu. Nikasimama mbele ya watu wazima, nguo ya msiba mwilini, nikawaambia hapa hatoki mtu. Sijui ile sauti niliitoa wapi. Shule nikaiacha, wadogo zangu wakabaki, na neno lile likawa sheria ya nyumba. Hatoki mtu.

Zuhura ndiye aliyelishika zaidi. Kila nilipojiandaa kwenda Buguruni kununua rangi, nilizikuta ndala zangu hazipo. Alikuwa akizificha, mara chini ya kitanda, mara ndani ya pipa la unga. Nilikuwa namkaripia huku moyo unaniuma, kwa kuwa nilijua anachokifanya.

Tuliishi kwa ukindu. Kina mama wa Kimbiji walikuwa wakiniletea mafungu yake, wakivuka nayo kwenye kivuko cha Magogoni. Nilikuwa nauchemsha kwenye sufuria la rangi, nauanika kambani kama nguo, kisha nauchana chane nyembamba. Asubuhi kabla ya uji nasuka, mchana nasuka, nikiongea na mtu nasuka. Ule utepe mrefu unaotoka vidoleni ndio ukili, nao ukishonwa ubavu kwa ubavu ndio unakuwa mkeka. Kucha zangu zilikuwa za zambarau mwaka mzima. Rafiki zake Shabani walikuwa wakimtania kwamba dada yake anakula wino.

Mikeka ya wakati ule karibu yote ilifanana: kijani, pinki, zambarau, basi. Alasiri moja Zuhura alikuwa amelala sakafuni, jua likapita kwenye nondo za dirisha, vivuli vikaanguka juu yake. Sakafuni vilinyooka, mgongoni kwake vikapinda. Nilikaa nikiviangalia mpaka jua likahama. Siku iliyofuata nikaanza kuusuka ukili mweupe usiotiwa rangi, wenye mistari myeusi inayonyooka kisha ikapinda. Bi Tatu alipouona mkeka ule aliuliza kama rangi imeniishia. Lakini aliukalia, na hakuinuka upesi.

Mkeka ule ulifika kwenye duka la kazi za mikono upande wa Masaki. Mwenye duka, dada mmoja mchangamfu asiyejua kusema taratibu, akautundika ukutani. Mimi nilikasirika. Mkeka ukutani, nani ataukalia? Lakini watu walikuja kuutazama, hoteli moja ikaagiza mingine ya kuweka vyumbani, na ikawa nikisikia gari limekwama kwenye tope la mtaani kwetu najua ni yeye.

Mara ya mwisho lilipokwama alishuka viatu mkononi, akaniambia kuna maonyesho Japani. Wanautaka mkeka mkubwa kuliko yote niliyowahi kushona, na wanamtaka msukaji mwenyewe akasuke mbele ya watu. Nauli ipo, malazi yapo. Wiki tatu.

Nikamwambia haiwezekani. Mkeka mkubwa hivyo sitauwahi, na wadogo zangu siwaachi. Akaniomba nifikiri mpaka Ijumaa. Sikufikiri. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Tatu kumsimulia, na sikufichi mwanangu, nilitarajia sifa. Nilitarajia aseme wewe kweli ni dada. Yeye aliomba maji, akanywa, akanirudishia kikombe, akaingia ndani kwake.

Basi siku ile ninayoisimulia ndipo alipokuja na wenzake.

Sisi watu wa kusuka tuna desturi moja. Binti anapotoka kwao kwenda kuolewa, kina mama wanaompenda wanakuja kila mmoja na pima yake ya ukili. Pima ni kuanzia ncha za vidole vya mkono huu mpaka ncha za mkono ule, na inapimwa kwa mikono ya mtoaji mwenyewe, kwa hiyo ya mtu mrefu ni ndefu na ya mfupi ni fupi, wala haikatwi ili zilingane. Mshonaji anaziunganisha, na mkeka huo ndio binti anaondoka nao. Na pima hailiwi bure. Siku ya mtoaji, au ya binti yake, ikifika, na wewe unapeleka yako. Mimi nilikuwa nimewashonea maharusi wengi mikeka ya namna hiyo. Ya kwangu hakuna aliyewahi kuleta, wala sikuitegemea.

Bi Tatu akanitupia mapajani kata ya ukili, iliyoviringwa kama kamba. Ilikuwa ndefu kuliko pima moja, tena ndefu sana. Akaniambia nishone.

"Bi Tatu, mie siolewi," nikamwambia.

"Nani kasema unaolewa? Unatoka. Anayetoka anashonewa."

Mama Neema akaweka yake, iliyokaza na kunyooka kama mwenyewe anavyotembea. Kisha Bi Arafa akatoa yake mfukoni kwa aibu. Maisha yake yote hakuwahi kusuka. Ule ukili ulikwenda kulia, ukajuta, ukarudi kushoto.

"Bi Arafa, huu umeutoa kilabuni?" Mama Neema akamuuliza. "Unayumba."

"Niache, Mama Neema. Nyie mmesuka tangu tumboni. Mie nimeanza juzi, na vidole vyangu ni vya kupimia sukari."

Tukacheka wote, hata Shabani pale ukutani. Kumbe Bi Tatu alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Katika ile kata yake mlikuwa na pima za wasukaji wa mtaa mzima, zikiwa zimeungwa, nyingi zikifuata mistari yangu kadiri kila mmoja alivyoielewa. Mkeka usingenishinda tena. Kisingizio cha kwanza kikafa pale pale.

Nikashika cha pili. Nikawaambia nawashukuru, lakini kwenye matanga ya mama niliapa kwamba hapa hatoki mtu, na wadogo zangu wanalitegemea neno hilo. Nilijua hakuna wa kulijibu.

Bi Tatu hakupandisha sauti. Alimtazama Zuhura, alivyokikunja kipande cha kanga yangu ngumini, kisha akanitazama mimi.

"Hawa watoto wamemwona mtu akitoka, asirudi," akasema. "Wewe ukakomea mlango. Sawa, ulikuwa msiba. Sasa nani atawaonyesha mtu akitoka, akarudi?"

Nikasikia mafuta yakichemka kwenye kikaango cha jirani.

"Unawalea vizuri," akaendelea. "Ila unawalea waogope mlango. Hata huyu wa sekondari akifaulu akapangiwa shule ya mbali, hataenda. Atakaa hapo ukutani. Utafurahi?"

Nilimwangalia Shabani, naye akaangalia chini. Baadaye sana ndipo aliponiambia kwamba mwalimu wake alishamtajia shule ya bweni Iringa, na alinyamaza kwa sababu yangu.

Zuhura akanivuta kanga. Akauliza, "Dada, ukitoka unarudi?"

Nikamwambia narudi.

"Siku gani?"

Nikamtajia siku. Akaikariri mara mbili kwa sauti ndogo, akaiachia kanga yangu. Shabani akasema yeye atapika. Mama Neema akamwomba Mungu alilinde tumbo la Zuhura. Mimi nikajaribu kutunga uzi kwenye shazia, nikalikosa tundu mara tatu, mpaka Bi Arafa akaninyang'anya akanitungia.

Mwanangu, nilidhani nakwenda nchi ya mashine, na mashine zipo kweli. Lakini nyumba ya kwanza niliyoingia watu walivua viatu mlangoni, wakakaa chini, juu ya mikeka ya nyasi, wakanipa chai. Nilitaka kumpigia Bi Tatu simu pale pale nimwambie kwamba wapo watu walioshika adabu ya mkeka kutushinda. Kila siku nilisuka mbele ya wageni, na kila jioni nilipiga simu dukani kwa Bi Arafa, Zuhura akinisomea siku zilizobaki kama mtu anayehesabu chenji.

Siku moja akaja mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza ile mikeka yao ya sakafuni. Alipiga magoti, akapitisha kiganja taratibu kwenye mkeka wangu, safu kwa safu. Kila alipofika mahali ambapo mkono mmoja umeishia na mwingine umeanzia, kiganja kilisimama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Alipofika kwa Bi Arafa akacheka peke yake. Akamwambia mkalimani jambo, na mkalimani akaniuliza: "Huyu alikuwa anajifunza?"

Nikamwambia ndiyo. Yule mzee akakiacha kiganja chake hapo muda mrefu. Watu wengi waliusifu mkeka ule kwa mistari yake, na kazi nyingi zilizokuja baadaye, mpaka tukaunda kikundi chetu cha wasukaji, zilitokana na mistari hiyo. Mimi nilichorudi nacho moyoni ni kile kiganja kilichotulia mahali palipopinda.

Siku niliyomwahidi Zuhura ndiyo niliyorudi. Teksi ilipofika kona nilimwona kwenye ngazi ya duka la Bi Arafa, kazungukwa na watoto wenzake. Nilidhani atanikimbilia. Hakukimbia. Aliwageukia wenzake kama mtu mzima, akawaambia, "Si niliwaambia?" Kisha ndipo akaja, akalishika begi langu, akaliburuta hadi nyumbani bila kukubali nimsaidie. Asubuhi yake nikatafuta ndala zangu kwa mazoea, nikainama chini ya kitanda, nikafunua pipa la unga. Zilikuwa mlangoni, zimepangwa.

Tangu hapo nimefika Maskati, nimefika Denmark, na Nairobi nimeacha kuhesabu. Shabani alikwenda Iringa. Zuhura ni muuguzi Mtwara, na alipopanda basi la kwenda kuanza kazi mimi ndiye niliyeshika pindo la kanga yake, kwa utani, na macho yakiwa na maji.

Basi mwanangu, ninachotaka ukichukue kwangu ni hiki. Ukiwa mkubwa kwenu na wazazi hawapo, watu watakusifu kwa kubaki. Ni sifa ya haki, ipokee. Lakini usijenge kibanda ndani ya sifa hiyo ukajificha. Kazi ya mikono yako ikikuita mbali, usiwatumie wadogo zako kama komeo la woga wako. Waeleze unakwenda wapi, wape siku ya kurudi, na siku hiyo urudi hata kama huko kwingine wanakubembeleza ubaki. Utakuwa umewapa kitu ambacho chakula na ada haviwezi kuwapa. Na unapoondoka, ondoka na mikono ya waliokuzunguka ndani ya kazi yako, pamoja na ule uliopinda. Usiufumue.

Mola akufungulie njia ya kwenda, akuhifadhie waliobaki nyumbani, na kila utakapogeuka kurudi akukutanishe nao wakiwa wazima, wanakungoja mlangoni.

Nilikuambia pima zinarudishwa. Ya Mama Neema niliipeleka Neema alipoolewa. Ya Bi Arafa niliiunga na nyingine nikashona msala, akaenda nao Maka. Wengine wa mtaani nao nimewapelekea, mmoja mmoja. Bi Tatu hakuwa na binti. Nilipomuuliza yake niipeleke wapi, alisema nisimsukie yeye. Nimsukie mtu anayeogopa kutoka, na nitamjua nikimwona. Hakuniambia zaidi, na sasa hayupo wa kumuuliza.

Niliisuka siku nyingi zilizopita, kwa mistari ile ile, nikaipima kwa mikono yangu. Inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wangu, ncha haijafungwa. Wengi wamekaa chini yake wakanywa chai, wakaondoka wakiwa na amani zao, nami sikuishusha. Ukijiona mtu huyo ni wewe, pita ndani. Nyumba ni ile ile.