Jina Langu Ndani ya King'ora

Sitamtaja jina. Si kwa heshima. Yeye alilifuta langu, basi mimi sina haraka ya kulitunza lake. Nitamwita injinia, maana ndivyo alivyopenda kuitwa, hata akiwa sokoni Manika akichagua vitunguu.

Tulikuwa wawili katika karakana ya vidhibiti ya kampuni ya migodi, pale Kolwezi, miaka ile ya Zaire ambapo wanaume walivaa abakosti, koti la kiserikali lisilo na tai, na wakubwa walituita citoyen na citoyenne, yaani mwananchi. Tulitoka chuo kimoja, yeye akiwa amenitangulia mwaka mmoja. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, nami nilizaliwa kambini. Nilisomea elektroniki wakati wasichana wenzangu walielekezwa kwenye cherehani. Sikuwa mnyenyekevu kuhusu jambo hilo, wala leo si mnyenyekevu.

Kazi yetu ilikuwa kompyuta ndogo zisizo na skrini wala kibodi, kadi za kijani zilizofungiwa ndani ya makabati ya chuma. Moja iliendesha pampu, nyingine mkanda wa kubebea mawe, nyingine king'ora. Prosesa zao zilikuwa za ukoo mmoja, lakini mnajua ukoo ulivyo: huyu mwepesi, yule mzito, mwingine hasikii la mtu. Kadi haifanyi lolote mpaka uipe kiini cha mfumo, ambacho sisi tulikiita noyau, yaani ile programu ya chini kabisa inayoamua kazi ipi ifanyike sasa na ipi isubiri. Kiini kilitoka Ulaya kikiwa cha ukoo mzima, kwa hiyo kilikuwa hakimfai hata mmoja wao. Ilibidi ukiandae kwa ajili ya kila prosesa: kumbukumbu yake inaanzia wapi, habari zinaingia na kutoka kwa njia zipi, kazi gani itangulie, na zaidi ya yote, itapata wapi mapigo ya kuhesabia wakati. Ukimaliza, unakichoma ndani ya chipu, unaichomeka kwenye kadi, unawasha, unamwomba Mungu.

Aliyekiandaa ni mimi. Nilikaa nacho miezi mingi, tumbo langu likikua mbele ya kibodi mpaka nikawa naandika kwa mikono iliyonyooka. Kuhusu mapigo, kitabu cha Ulaya kilishauri kuyachukua kwenye umeme wenyewe, kwa kuwa umeme hupiga sawasawa. Umeme wetu ulitoka bwawa la Nzilo na ulifika safi. Tuliouchafua ni sisi, maana karakana ilikuwa kwenye waya mmoja na mashine za kusaga mawe. Kila zilipoanza kunguruma, umeme ulirukaruka, na kadi ingeihesabu ile miruko kana kwamba ni wakati. Kwa hiyo nilikiandaa kiini kichukue mapigo kwenye kito kidogo cha kwatsi, kama kile kilichomo ndani ya saa za mkono. King'ora kikalia kwa saa yake. Mji mzima uliishi kwa king'ora kile. Kikilia, wanaume walitoka, watoto walinawa uso, na mama aliyechelewa kuwasha mbabula alianza kugombana na makaa.

Kadi ikiwashwa, kabla ya yote iliandika mstari mmoja kwenye skrini ya karakana: kiini hiki kimeandaliwa na fulani. Fulani huyo alikuwa mimi, jina langu kamili.

Nikaenda kujifungua. Niliporudi, mtoto mgongoni kwa mama yangu nyumbani, maziwa yakinivuja chini ya blauzi, niliwasha kadi ili niione kazi yangu. Mstari ulikuwepo. Jina lilikuwa la injinia. Nikaambiwa kwamba alikuwa amekionyesha kiini kwa wakurugenzi, wakampigia makofi, na sasa ndiye mkuu wa sehemu. Mimi nilikuwa nimehamishiwa magazini, yaani ghala la kampuni, kubandika lebo kwenye vipuri, eti kwa sababu mama anayenyonyesha anahitaji kazi nyepesi.

Nilimfuata.

"Mama, juu ya nini unakasirika?" akasema. "Ni mustari moja tu. Kazi ni ya équipe, ya sisi bote."

"Kama ni ya équipe, juu ya nini jina ni ya weye peke?"

Akacheka. Akaniuliza mtoto anaendeleaje, kama ananyonya vizuri.

Nilimchukia, na nasema hivyo bila kuzungukazunguka. Nilimchukia asubuhi nikipiga mswaki na jioni nikisonga bukari. Nilitaka mambo mawili tu duniani: jina langu lirudi pale lilipokuwa, na yeye aniambie kwa kinywa chake, akinitazama, kwamba alilichukua. Mume wangu, karani wa reli, mtu mpole anayependa kila mtu ampende, aliniambia niache. Nikamwambia aache yeye kuniambia niache.

Kisha zikaja kadi mpya. Zilipitia magazini, kwa hiyo nilizipokea mimi, na kitabu chake nikakisoma nikila karanga, kabla ya mtu yeyote. Prosesa ilikuwa ileile ya ukoo, mdogo wao wa mwisho, ila kwa huyu kwatsi ilikuwa imehamishwa. Ilitumia kihesabio kingine cha mapigo, nacho hukaa kimefungwa mpaka kiini kikifungue. Ukikiacha kiini kama nilivyokiandaa mimi, kadi inakaa kimya. Nilijua hivyo. Sikuulizwa, nami sikusema.

Injinia alihangaika. Mwishowe akachagua mapigo ya umeme, kama kitabu kilivyoshauri. Kadi ikaamka, ikawekwa kwenye king'ora mahali pa ile ya zamani, naye akawanunulia wenzake bia. Nilisikia vicheko vyao kupitia ukuta wa magazini, nikaendelea kubandika lebo zangu.

King'ora kikaanza kukimbia. Kila siku kilitangulia kidogo zaidi ya jana. Jioni hakuna aliyelalamika, maana hakuna mchimbaji atakayeandamana kwa sababu ameachiwa mapema. Lakini asubuhi! Akina mama walikurupuka gizani, watoto walifika shule mlango ukiwa na kufuli, na padri alikuta waumini kwenye ngazi wakati bado ana sabuni usoni. Injinia alikuwa akirudisha saa nyuma kwa mkono, lakini mashine za kusaga zikianza, inatangulia tena. Watu wa kwetu hawajui kuona kitu cha kucheka wakakiacha. Mtu akifika mapema mahali, walimuuliza, "We nawe, injinia amekuamsha?" Nilicheka kuliko wote. Nilikuwa nalala vizuri hata nikiamshwa gizani.

Hapo ndipo alipokumbuka kuku.

Kwetu, ukiwa umemkosea mtu, unakwenda kwake na mzee wa ukoo wako na kuku mweupe. Aliyekosewa akimpokea, anachinjwa, anapikwa, mnakula pamoja, na palabre, yaani ugomvi wenu, imekufa. Atakayeifufua baada ya hapo ndiye mbaya, na watu watamwonyesha kidole. Injinia alijua hayo tangu utoto. Ila kuku hakumleta kwangu. Alimleta kwa mume wangu, siku ya Jumapili, akijua kwamba baada ya misa nabaki na kwaya.

Nilipoingia uani niliwakuta watatu: mume wangu, injinia, na mjomba wake mzee. Katikati yao sahani, na ndani ya sahani mifupa.

"Mama, karibu," mume wangu akasema, akiinuka haraka kuliko kawaida yake. "Ba tata hawa bamekuya na kuku. Palabre inaisha."

"Kuku ya nani?"

"Ya weye. Ya ile mambo ya jina."

"Na nani alikula?"

Mjomba alifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, akasema kwa sauti ya upole, "Mwanangu, bwana yako njo kichwa ya nyumba. Kama yee alikula, ni sawa weye ulikula."

Injinia hakungoja hata niketi. Alitoa kalamu kwenye mfuko wa abakosti yake. "Sasa, mama, ile quartz ya kadi ya mupya, banaiita namna gani mu noyau?"

Hakuniomba radhi. Hakuniambia hata pole. Kuku alikwenda kwa mume wangu, na kalamu ikaja kwangu.

"Tata," nikamwambia mjomba kwanza, kwa heshima, maana yeye hakunikosea, "mi sikukula." Kisha nikamgeukia injinia. "Uliza bwana yangu. Kuku, njo yee alikula. Yee atakufanyia noyau."

Mume wangu akakohoa. Jikoni walikuwa wameniwekea bawa moja, limefunikwa kwa sahani. Nilimpa mbwa wa jirani. Wiki ile mume wangu alikula bukari na sombe, majani matupu ya muhogo, na siku aliyouliza kama hakuna hata kasamaki, nilimwambia aende akamwombe rafiki yake wa kuku.

Ukoo ulinijia juu. Mama yangu alikuja akakaa kwenye kibao cha jiko, akasema naitafutia nyumba balaa kwa kumkataa kuku. Nikamwambia sikumkataa, sikumwona akiwa hai.

Basi asubuhi moja king'ora kilimtoa mkurugenzi mwenyewe kitandani. Alivaa, akamwamsha dereva, akafika langoni akakuta giza na mlinzi anayepiga miayo. Wachimbaji wa zamu ya usiku walikuwa wameshaacha kazi, waliofuata hawajafika, shimo zima halina mtu. Alituita wote karakanani, hata sisi wa magazini, akamwambia injinia arekebishe mbele yake.

Injinia aliandaa kiini kwa kwatsi. Kadi ikakaa kimya. Akaandaa kwa umeme. Ikaamka. Mashine za kusaga zikaanza kunguruma upande wa pili, na mkurugenzi, saa yake ya mkono kiganjani, aliona mwenyewe kadi ikimwacha nyuma. Akauliza nini sasa. Injinia alitazama sakafu, akasema labda citoyenne wa magazini angeweza kusaidia.

Nilikuwa nimesubiri siku hiyo kwa hamu mbaya. Nilikwenda mpaka kwenye kibodi lakini sikukaa.

"Nitafanya, citoyen directeur. Lakini mustari ya kwanza aandike yee, na bidole yake."

"Mustari gani?"

"Ile alifutaka."

Mkurugenzi alinitazama, akamtazama yeye. Hakuwa mjinga. "Andika," akasema.

Injinia akaketi. Akafuta jina lake, akaandika langu kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Hakuniuliza linavyoandikwa. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho, na mimi nilisimama nyuma yake makusudi, karibu, ili asikie pumzi yangu. Sikumwonea huruma hata kidogo. Ningeweza kusimama pale mpaka jioni.

Kisha nikaketi mimi. Nikakiambia kiini kifungue kwanza kile kihesabio kingine, ndipo kiombe mapigo ya kwatsi. Nikakichoma, nikachomeka chipu, nikawasha. Mstari ukatokea ukiwa na jina langu. Mashine za kusaga zikanguruma kwa nguvu zake zote, na saa haikutikisika.

Nilirudishwa karakanani, na baadaye nikapewa ukuu wa sehemu. Yeye alipelekwa Mutshatsha, kwenye stesheni, kuangalia mizani ya mabehewa kati ya magunia ya makaa na mbuzi wa watu. Nilifurahi. Walioniambia si vizuri kufurahi, niliwaambia wafurahi wao kidogo basi, tugawane.

Siku ya kuondoka alikuja mlangoni pa karakana. "Mama," akasema, "sasa tunamaliza, hapana?"

Nilimngoja. Nilimngoja kwa kweli, mkono ukiwa juu ya meza, na nadhani kama angelisema lile neno ningelipika kuku mimi mwenyewe na kumwalika. Alifungua kinywa, akakifunga, akafungua tena.

"Unisalimie bwana yako," akasema, akaenda.

Miaka mingi baadaye alifia hukohuko. Mwili ukaletwa Kolwezi kwa treni, na matanga yakawekwa Manika. Nilikwenda, kwa kuwa mtu mliyefanya naye kazi hukosi kwenda. Mume wangu alilia machozi ya kweli upande wa wanaume. Mimi nilikaa mkekani na wanawake, nikampa mjane mkono. Akaushika kwa mikono miwili, akasema marehemu alikuwa ananitaja mara nyingi.

"Alisema nini?"

"Alisema weye unajua kazi muzuri."

"Ni ile tu?"

Mjane alifikiri. Alikuwa mwanamke mwema, naye alijitahidi kukumbuka, nikamwona anajitahidi.

"Ni ile tu, mama."

Chakula kikagawiwa. Binti mmoja akaniletea sahani ya bukari na kuku, akapiga goti. Nilimwambia nimeshiba, nami nilikuwa sijala kitu tangu asubuhi.