Filamu Rahisi na Uso wa Feza

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, kwa sababu mama yangu alicheka sana, na tangu hapo sikumsikia tena akicheka namna ile. Tonton Sumaili, mjomba wangu, mdogo wake Mama, aliyekuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege wa Bangboka, alifika nyumbani kwetu Kisangani na filamu ya rangi mfukoni. Alikuwa amenitafutia kutoka Kinshasa. Mimi nilikuwa kijana mwenye kamera kuukuu na maneno mengi, nikaitazama ile filamu kwa dharau. Nilitaka ile ya kasi ya mia nne, inayoona hata penye giza. Hii ilikuwa ya mia, ya watu wa kawaida.

"Nimechagua hii ya bei ya chini makusudi," Tonton akaniambia. "Hii iko ya kila siku. Inataka jua tu. Ikiisha, nitakuletea ingine. Usiichunge sawa sahani ya bageni!"

Mdogo wangu Feza alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo, jasho likimtoka, jua la asubuhi limemwangaza vizuri. Aliposikia habari ya filamu akasimamisha mchi, akaniita mimi kaka yake.

"Yaya, nipige foto hivi hivi!"

Mama ndipo alipocheka. "Na manguo ya jikoni? Batu batasema nini? Ngoja Pasaka, utavaa kikwembe mupya, utasimama muzuri."

Usimlaumu. Zamani zile za Zaire ndivyo tulivyokuwa, mji mzima. Picha ilikuwa ya kusimama wima, viatu vya kuazima, redio ya jirani begani. Ukionekana na kinu, watu watadhani wewe ni mtumishi wa nyumba ya watu. Mama akisema, kwetu imekwisha. Nikaifunga kamera, nikaitundika ukutani na filamu yake ndani, katika lile joto letu linalootesha ukungu hadi kwenye viatu.

Pasaka ilipokaribia, homa ikamshika Feza. Tulizunguka mji kutafuta dawa, na tulipoipata alikuwa hawezi tena kututambua. Hakuinuka. 

Siku ya matanga, kabla hatujamzika, wanawake wakiimba na kulia, Mama mwenyewe aliniita chumbani. Walikuwa wamemvisha Feza kile kikwembe kipya, kitenge cha Pasaka. "Mupige sasa," akasema. "Nisibaki mukono mutupu." Dirisha lilikuwa limefunikwa kwa shuka na taa ya kamera sikuwa nayo. Ningemwambia nini? Nilifungua lenzi hadi mwisho, nikabana pumzi, nikapiga. Nilijua filamu ile haitaona kitu mle, ila sikuthubutu kumwambia.

Tonton aliipeleka kwenye ndege ya Kinshasa, maana fundi wetu alisafisha picha nyeusi na nyeupe peke yake. Iliporudi, mto mweupe wa kitandani ulionekana, na maua ya kikwembe yalionekana kidogo. Juu ya kikwembe palikuwa na doa la kahawia. Mama aliigeuza picha huku na huku, akaenda nayo mlangoni penye mwanga.

"Uso yake iko wapi?" akauliza.

 Tonton Sumaili alikaa chini akalia kama mtoto.

Mama aliishi miaka mingi baadaye. Wajukuu walipomuuliza Feza alikuwaje, alieleza kwa mikono: paji la uso hivi, mwanya kwenye meno hivi. Kadiri alivyozeeka alianza kumchanganya na dada yake mwenyewe. Siku moja alinishika mkono akasema, "Baba, nimemusahau uso." Hilo lilimuua kuliko ugonjwa uliomchukua.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Ukienda kununua filamu, usione haya kuomba ya bei nafuu. Chukua ile utakayokuwa na moyo wa kuimaliza. Mtoe mtu wako nje, penye mwanga mpole wa barazani. Pima mwanga usoni pake, usipime kwenye shati jeupe, na ukiwa na wasiwasi ongeza, kwa sababu filamu ya rangi huvumilia mwanga uliozidi, lakini giza haivumilii. Ukiimaliza, ipeleke ikasafishwe upesi. Na mtu wako akikuambia bado hajachana nywele, akikuambia leo si sikukuu, mbembeleze, mtanie, lakini piga.

Mungu akuachie watu wako siku nyingi, na siku atakapowachukua, asikunyime nyuso zao.