Sheria ya Chemchemi Ilivyopita Barazani

Siku ile baraza liliponyoosha mikono naikumbuka, mwanangu, na hata sasa nikiisimulia nasimama kabla sijamaliza. Wewe juzi umeapishwa udiwani, na nasikia unaandaa hotuba. Weka kalamu kwanza, unisikilize.

Nilikuwa kijana, diwani mpya wa kata yetu ya mlimani, hapa Karatu, chini ya msitu wa Ngorongoro. Chemchemi tuliyoinywa ilikuwa imegeuka tope. Kila kiangazi ng'ombe walipanda kutoka bondeni, wakaikanyaga, na watoto wetu wakaharisha hadi wengine kulazwa. Vijana wa kwetu na wafugaji walikuwa wameshatoleana fimbo, na sime zilikuwa njiani. Nikaingia barazani na hoja ya sheria ndogo: mifugo isikaribie chemchemi kabisa.

Nilizungumza, mwanangu! Wananchi waliokuja kusikiliza walipiga makofi mpaka mwenyekiti akawanyamazisha. Ilipofika kura, mikono iliyoinuka ilikuwa yangu na ya majirani zangu wachache. Hoja ikafa pale pale, nami nikatoka nimeinamisha kichwa.

Mzee Shabani, diwani wa mjini aliyekuwa na duka la spea karibu na stendi, akanifuata. Yeye ndiye aliyeongoza kamati yetu ya mazingira, na kila alichokipeleka barazani kilipita, ingawa sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu anayeswali. Akanikalisha dukani, akaniagizia chai ya tangawizi.

"Binti, umesema vizuri."

"Ahsante, mzee."

"Sijakusifu. Umesema, lakini hujapitisha. Wale waliokupigia makofi, kuna hata mmoja mwenye kura?"

Nikatikisa kichwa.

"Saning'o umezungumza naye?"

Saning'o alikuwa diwani wa bondeni, Mmasai, mfugaji mkubwa, na ndiye aliyeipinga hoja yangu kwa ukali kuliko wote. Nikasema, "Mzee, yule si ndiye adui wa hoja yenyewe?"

"Basi ndiye wa kumwendea kwanza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nenda kwake, na usiende na hotuba."

Nikapanda bodaboda hadi bondeni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Saning'o alinipokea mlangoni mwa boma. "Takwenya," akanisalimu. "Iko," nikaitikia, maana salamu hiyo nilikuwa nimejifunza njiani kwa dereva. Akacheka kidogo. Mkewe akaniletea loshoro, uji wa mahindi na maziwa ya mgando, kwenye kibuyu, nikanywa wote.

"Ulinitukana mbele ya watu," akaanza.

"Sikukutaja, mzee."

"Ulisema mifugo ni uharibifu. Mimi ni mfugaji. Ulitaka nielewe nini?"

Nikamwomba radhi, naye akalegea. Ndipo akasema neno lililonifumbua macho. "Unadhani napenda kuwapandisha ng'ombe huko kwenu? Ndama wanavunjika miguu kwenye mawe yale. Mke wangu naye anakunywa tope hilo hilo. Nipe maji huku chini, hutaona hata kwato yangu mlimani. Lakini sheria yako iwaguse na wale wanaolima hadi mdomoni mwa chemchemi."

Mwanangu, nilitaka kuruka! Kumbe tulikuwa tunataka kitu kimoja. Ila furaha ile ilikuwa na mwiba wake, kwa sababu mmoja wa waliolima hadi mdomoni mwa chemchemi alikuwa mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama. Kabichi zake zilinisomesha. Nilimwendea mwenyewe, nikamwambia kabla hajasikia kwa watu. Alinigeuzia mgongo, na msimu mzima hakunisemesha. Usidhani kupatana na mpinzani ni kazi ngumu kuliko zote. Kumwambia wa nyumbani kwako aachie kitu, hiyo ndiyo kazi.

Tukaandika upya, mimi, Saning'o na mwanasheria wa halmashauri. Jicho la chemchemi lizungushiwe uzio, mfugaji na mkulima wote wakae nje yake, na bomba lishushe maji hadi kwenye mbauti, lile birika refu la kunyweshea ng'ombe, bondeni. Mzee Shabani akatupitisha kwa madiwani mmoja mmoja, akiwauliza kila mmoja anaogopa nini, nasi tukarekebisha. Mwishowe akaniambia hoja aiwasilishe Saning'o. Roho iliniuma, nisikufiche, maana jina lingebaki lake.

Siku ikafika. Saning'o akasimama na shuka lake begani, akasema maneno machache tu: "Mimi nilikataa. Leo ninaomba." Mikono ikaanza kuinuka, wa mlimani, wa bondeni, wa mjini, hata wale wasiosalimiana kwa sababu ya vyama! Nilipiga kigelegele ndani ya baraza, mwenyekiti akanikemea huku anacheka.

Haikuishia hapo. Sheria ndogo sharti waziri aidhinishe, na yetu ilirudishwa irekebishwe maneno. Nikawa mgeni wa kila wiki ofisini kwa mwanasheria, mpaka akinisikia kwenye ngazi anatoa faili. Ikarudishwa tena, tukarekebisha tena, ikapita. Uzio ukajengwa. Nilisimama mbautini siku maji yalipofika, ng'ombe wa Saning'o wakasukumana kama watoto kwenye pipi, na mama mmoja wa kwetu akateka ndoo ya maji meupe juu mlimani, akapiga simu kunipigia kelele za furaha tu, bila neno.

Basi, mwanangu, sikia. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sauti moja haitungi sheria, hata iwe tamu namna gani. Mtafute anayekupinga kabla ya kikao, ule chakula chake, umuulize anachohofia. Ijue kazi ya kamati kuliko unavyoijua maikrofoni. Sehemu ya mzigo iwaangukie na watu wako, la sivyo hakuna atakayekuamini. Sifa mwachie mwingine aibebe ikiwa ndiyo itakayoifikisha sheria. Na ikishapita, ifuate mpaka maji yatoke.

Nenda sasa, kiti ni chako. Mungu akupe masikio makubwa na miguu isiyochoka, akupatanishe na wanaokupinga, na sheria zako ziwaponye hata wasiokupigia kura. Amina, mwanangu, amina!