Masale ya Kaburi la Baba

Nilipokuwa mtoto, kwetu juu ya Tengeru hatukuwa na makaburi ya saruji. Wafu walilala kihambani, shamba la ukoo lizungukalo nyumba, kati ya migomba, na bibi alimpandia kila mmoja masale, ule mmea wa majani marefu ambao jani lake unalifunga fundo, ukampelekea uliyemkosea kumwomba radhi. Baba yangu alikuwa hapo. Alifariki sijaanza shule, nikamjua kwa masale yake zaidi ya sura. Nikitoka mferejini na ndoo yangu nilimwamkia, "Shikamoo baba," nikapita.

Tulikatazwa kuyagusa. Watoto tuliambiana kwamba ukiyang'oa, marehemu hupotea, na jioni huja kubisha mlangoni kuuliza kwake ni wapi. Mimi niliamini kabisa.

Basi baba mdogo akaokoka. Alirudi kutoka mkutano wa injili akisema masale ni upagani, na asubuhi moja akashika jembe, akayang'oa yote na kupanda mabingobingo ya kulishia ng'ombe. Bibi, ambaye hakukosa ibada hata Jumapili moja, alimtazama kutoka mlango wa jiko, mwiko mkononi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama. Yesu ametuweka huru."

"Haya. Siku utakapotaka kumwomba kaka yako radhi, hutajua ugeukie upande gani."

Jioni ile sikula. Nilikaa nautazama mlango, naogopa baba atabisha, na Mungu anisamehe, nilitamani abishe. Hakuja. Ng'ombe walinenepa, baba mdogo hakuugua hata mafua, na sisi watoto tukaanza kusema bibi alitutisha bure.

Bibi hayupo tena. Mwaka huu ukoo umekubali kuuza kihamba, maana mji umeshapanda hadi kwetu na mnunuzi anataka kujenga nyumba ya kuzungushia ukuta kama zile za matajiri wa Njiro. Tulikubaliana kwanza tuwahamishie wafu wetu makaburi ya usharika. Nilimnunulia baba jeneza dogo. Vijana walichimba pale baba mdogo alipowaonyesha, wakakuta udongo mtupu. Wakachimba pengine, kisha pengine. Babu tulimpata. Baba, hapana.

"Mwanangu, wewe hukumbuki?" baba mdogo aliniuliza.

"Nakumbuka alitazamana na mlango wa jiko."

Jiko lenyewe lilishabomolewa zamani.

Aliondoka bila kuaga, akarudi na mche wa masale kutoka kwa wauza maua wa barabarani, wanaowauzia watu wa kupamba bustani. Akachuma jani, akalifunga fundo. Nilijua ananiletea mimi, na jani hilo kwetu halikataliwi, nikawa na hasira hata kabla hajafika. Akanipita. Alisimama katikati ya mashimo, jani mikononi, akageukia mlimani, akageukia mjini, kisha akageukia mlimani tena. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi.

Miaka yote nilifikiri bibi alimlaani mwanawe. Sasa naona alikuwa akimweleza tu masale yale yalikuwa na kazi gani.

Mnunuzi ameshaanza msingi wa ukuta. Jeneza liko chumbani kwangu mjini, Kijenge, tupu. Na jioni nyingine baba mdogo hupanda gari kutoka Tengeru, akabisha mlangoni kwangu, kofia mkononi, kuuliza kama nimekumbuka baba yuko wapi.

Namkaribisha ndani, namwekea chai. Sijakumbuka.