Upande wa Kushoto wa Shamba Darasa

Wakulima walimpachika jina la Mama Nafasi, na jina likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa afisa ugani, na ukikutana naye njiani, hata msibani, hukosi kuulizwa: "Mahindi yako umeyaachia nafasi?" Watoto wa shule walimwigiza. Wanawake wakibanana kwenye foleni ya maji waliambiana, "Acha nafasi, shoga, usije ukadumaa," wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Yeye mwenyewe alicheka nao, lakini moyoni aliumia. Mzaha juu yake ulienea kijiji kizima, ilhali ushauri wake haukuvuka ua hata mmoja.

Ofisi yake ilikuwa nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa ya daktari wa mifugo, mwanamume mpole aliyepatana sana na kiti chake. Ukutani palikuwa na rafu ya vipeperushi kutoka makao makuu, vizuri kweli kweli, vya picha za rangi na maneno ambayo mkulima angehitaji mkalimani kuyaelewa. Mchwa walikuwa wameshavianza kwa chini.

"Angalau kuna wanaovimaliza," daktari wa mifugo alisema siku moja, bila kufumbua macho.

Kazi hii Mama Nafasi hakuiokota njiani. Baba yake alikuwa bingwa wa nyanya. Mnyauko ulipopita na kufagia mashamba ya majirani, zake zilisimama zimejaa matunda, na wenzake walipomjia kumuuliza anafanyaje, alijibu, "Ni Mungu tu, ndugu yangu," akageukia shughuli zake. Mungu alisingiziwa mengi katika nyumba ile. Mzee akafa ghafla na siri yake kifuani. Hata wanawe hakuwaambia. Msimu uliofuata nyanya zao zilinyauka kama za watu wote. Binti yake, wakati huo yuko sekondari, alimlilia, kisha akamkasirikia, na nadhani hasira ndiyo iliyompeleka chuo cha kilimo kuliko kitu kingine chochote. Aliapa kwamba yeye akijua jambo, atalisema mpaka watu wamchoke. Hilo la kuchokwa alilifanikisha mapema.

Lakini tusiwalaumu wakulima. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kabla yake alikuwa amekuja bwana mmoja mwenye maneno matamu, akawapandisha zao jipya kijiji kizima, na siku ya kuvuna hakuonekana yeye wala mnunuzi. Kwa hiyo mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mzee mkavu aliyeitwa Fundi Baiskeli kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya akitoka shambani, alimwekea Mama Nafasi sharti.

"Mama, maneno tumeshiba. Tuonyeshe msimu mmoja. Tukiona tofauti kwa macho yetu, tutakufuata. Tusipoona, tutasalimiana njiani vizuri tu, lakini kwenye mashamba yetu usirudi."

Mama Nafasi akakubali. Usiku huo mume wake, fundi cherehani, alimwuliza itakuwaje akishindwa. Akamjibu kwamba mahindi hayana uongo. Ni kweli, mahindi hayana uongo. Ila mahindi yana majirani.

Kipande cha ardhi cha kuonyeshea, shamba darasa lenyewe, kilitolewa bure na mjane mmoja ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Shangazi. Kilikuwa nyuma ya jiko lake. Mama Nafasi alikigawa katikati kwa kamba. Kulia alipanda kwa nafasi, samadi iliyooza kwenye kila shimo, na matandazo ya majani makavu juu ya udongo. Kushoto alipanda mbegu ileile kwa nafasi ileile, lakini bila samadi wala matandazo, ili watu waone wenyewe kilichofanya kazi. Mahindi yalipofika magotini, akaitwa semina huko makao makuu, na semina ukizijua hazina haraka ya kwisha.

"Shangazi," alimuaga, "kulia utunze kama nilivyokuonyesha. Kushoto usipaguse kabisa. Hata pakikauka, paache vilevile."

"Haya, mwanangu," Shangazi aliitikia. Kuitikia, kama tujuavyo, si kukubali.

Mvua ikagoma. Huko semina Mama Nafasi alisikia habari za ukame akasikitika kama mtu yeyote, lakini kwa siri alifurahi kidogo, maana ukame ndio ungemtenganishia pumba na mchele. Siku ya wakulima kukagua ilipofika, alishuka kwenye pikipiki ya kukodi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akazunguka jiko la Shangazi, akasimama pale kama mti.

Kulia, mahindi ya kijani kibichi. Kushoto, mahindi ya kijani kibichi.

Fundi Baiskeli alilizunguka shamba lote, mikono nyuma. "Hapa naona mahindi," akasema. "Na hapa pia naona mahindi. Tofauti iko wapi, Mama?"

Watu wakacheka. Mmoja alisema labda tofauti imeachiwa nafasi.

Mama Nafasi alichuchumaa upande wa kushoto, akachimba kwa kidole. Udongo ulikuwa na unyevu, katika ukame ule. Akachimba tena, akakuta samadi nyeusi imezungushwa kwenye mche, na juu yake majani yaliyofukiwa yasionekane. Akainua macho. Mlangoni mwa jiko Shangazi alikuwa amesimama, akikunja na kukunjua pindo la nguo yake, macho chini.

Neno moja lingetosha kumwokoa. Lakini angelisemaje, uani kwa mama wa watu, mbele ya wakwe zake na wajukuu zake, kwamba huyu aliyenipa ardhi bure ndiye aliyeniharibia? Akasimama, akajipangusa magoti.

"Hakuna tofauti," alisema. "Mmeona wenyewe. Ahadi ni ahadi."

Watu walianza kutawanyika. Wengine, kusema kweli, walimwonea huruma, maana hakuna aliyemchukia. Ndipo sauti ikatoka jikoni.

"Nyie! Subirini kwanza!" Shangazi alikuja mpaka kwenye kamba. "Nimefanya mimi. Huyu mtoto aliniambia nisiguse, nikamwitikia. Sasa mimi kila nikitoka kumwaga maji ya vyombo nawakuta hawa wamejikunja, manjano, wanakufa kwa kiu, na ndugu zao pale wanameremeta. Nyumba moja! Ningelalaje? Utamlisha mtoto mmoja, na mwenzake anakukodolea macho? Nikasema niwamwagie hayo maji, nitie samadi kidogo tu na kuifunika, haitaonekana. Ikaonekana."

Kicheko kilipasuka, lakini Fundi Baiskeli hakucheka. "Shangazi, walikuwa manjano kweli?"

"Manjano ya kufa. Waulize wajukuu."

"Na hiyo samadi umewekaje mpaka wakaamka?"

"Njoo uone."

Wakamfuata wote. Duara likajibana, na Mama Nafasi akajikuta nje yake, anatazama migongo. "Usiibandike kwenye shina, itaunguza," sauti ya Shangazi ilisikika. "Mtoto hummwagii uji usoni, unamwekea mbele, anaufuata mwenyewe. Na iwe imeoza. Ikinuka bado, subiri. Halafu ufunike, udongo nao unaona jua."

Yalikuwa maneno yake. Mwaka mzima aliyasema na sentimita zake, watu wakapiga miayo. Sasa walikuwa wameinama, wanashika udongo, wanabishana. Mama Nafasi aliona wivu, wivu wa kweli, na machozi yakamjia kwa uchungu. Kisha polepole akaanza kusikia kitu kingine chini ya wivu ule, kama mzazi anayesikia mtoto anapiga soga na wageni sebuleni wala hamhitaji. Jambo lilikuwa limetoka mikononi mwake. Si ndilo alilolitaka?

"Kwangu bondeni maji yanatuama," Fundi Baiskeli alikuwa anasema. "Nikiweka samadi na kufunika, si mizizi itaoza?"

Shangazi alifikiri. "Hilo sijui. Si mwenyewe yuko hapo? Muulizeni."

Migongo ikageuka ikawa nyuso. Hakuna aliyemcheka wala aliyepiga mwayo. Zamani angekuwa amemjibu kabla hajamaliza kuuliza, tena neno kwa neno kama kipeperushi kinavyosema.

"Sijui," alisema Mama Nafasi. "Udongo wa kwako sijawahi kuushika. Mpaka niuone."

Fundi Baiskeli aliusugua udongo uliomganda vidoleni.

"Basi njoo kesho," akasema. "Njoo mapema, kabla jua halijakolea. Na uvae viatu vya matope, kule kunateleza."