Gunia Chini ya Mnyororo

Juzi nilipigiwa simu kutoka Mutsamudu: yule dereva wa tingatinga la kijiko amefariki na ameshazikwa. Kiapo nilichompa kimekwisha, na wasomaji wangu mtanivumilia, maana leo sina nia ya kuandika kwa upole.

Enzi za mamluki wa kizungu waliovishika visiwa vyetu, mmoja wa wakubwa wao, mzungu aliyejijengea jumba Moroni, aliupenda mlangilangi wa mama yangu kule Mvouni. Bibi yangu ndiye aliyeupanda, na kwetu shamba ni la wanawake. Maua yake, yanayotoa mafuta ya manukato, yalitulisha. Mzungu hakuomba. Alikuja na bunduki na dereva huyo, mtu wa kisiwa cha Nzwani ambaye sisi wa Moroni tulimcheka kwa lafudhi yake. Mama akasimama mbele ya kijiko. "Bweni, sogea, nakuomba," dereva akamwambia. Ndivyo kwetu anavyoitwa mwanamke wa heshima. Akachimba kuzunguka shina, akaingiza kijiko chini ya mizizi, akauinua mti na udongo wake, ukapandwe kwenye jumba la mzungu. Tangu siku hiyo mama hakuitikia salamu yake, hata walipopishana vichochoroni Badjanani. Mimi nilimwita kibaraka, tena kwa sauti.

Miaka mingi baadaye, mamluki wakiwa wameshaondoka, nilimkuta kwao Mutsamudu. Aliniapisha nisiseme angali hai, kisha akanieleza. Mti unapohamishwa, shina hufungwa mnyororo usianguke njiani, na chini ya mnyororo huwekwa gunia. Yeye alilichomoa gunia mzungu alipogeuka kuwasha sigara, mnyororo ukala gome pande zote, na mti uliochunwa hivyo hufa. Mzungu alipomuuliza kama mti utashika, alijibu, "Wi, komanda," yaani ndiyo, kamanda.

"Kwa nini hukumwambia mama?"

"Ningemwambia nini? Kwamba ningeweza kuuhamisha ukaishi, nikaamua kuua mti aliopandiwa na mamake?"

Tukisimulia miaka ile tunawataja waliofungwa na waliopigwa risasi. Huyu alikubali kuchukiwa na watu wake, akaenda na siri yake kazini kila siku. Namwonea haya. Yule mzungu namchukia, na chuki hiyo nimeitunza vizuri.

Jana nimemweleza mama. Akaniuliza:

"Mti ulichukua muda gani kufa?"

"Miezi mitatu."

"Na mzungu akiutazama?"

"Kila asubuhi, mbele ya dirisha lake."

Mama akainua mikono, akamwombea dereva rehema, polepole, bila kuruka neno. Marehemu amenifundisha nisiwe mwepesi wa kumhukumu mtu anayejibu ndiyo. Kusamehe hakunifundisha.