Nyumbani Kwangu Hakuna Anayebisha Mlango

Admini, naomba ufiche jina langu. Waambie tu niko Busia, upande wa Marachi. Nina miaka themanini na moja. Nilikuwa mwalimu, kisha karani wa kupitisha mizigo mpakani Malaba. Kuna jambo nimemficha mke wangu miaka thelathini na minne, na moyo wangu mgonjwa hauna tena muda.

Adhuhuri moja vibarua walimaliza kupanga magunia ndani ya kontena. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, niliyemtafutia kazi ile kwa kuwa dada yake aliniomba, alikuwa amejilaza nyuma ya mzigo. Nilifunga mlango, nikatia sili ya forodha, lori likaingia foleni ya kuvuka kwenda Uganda. Walimkuta amekufa kesho yake, sili ilipokatwa ng'ambo. Matangani nilisema sikujua yumo. Mke wangu ndiye aliyenifuta machozi.

Tangu siku hiyo mwili wangu haujatoka kwenye kontena lile. Mlango ukifungwa, kifua hubana, jasho hunitoka hata wakati wa mvua. Mtu akibisha, huziba masikio, kwa hiyo wageni wetu huita kwa mbali. Choo chetu kina pazia. Mke wangu hunitania, "Mzee, hata kaburini utataka tukuachie dirisha?" Kisha hunifungulia mlango.

Mwezi uliopita daktari alitaka niingie kwenye ile mashine ya picha iliyo kama bomba. Nilishindwa. Akanituma kwa mshauri, binti wa rika la wajukuu wangu. Alinifundisha kupumua polepole, kukanyaga sakafu na kutaja ninavyoviona. Husaidia, ila hodi ile kichwani haikomi.

"Kuka," aliniuliza, kama wajukuu wangu wanavyoniita babu, "kuna kitu umebakisha?"

"Hakuna."

"Mwili wako unasema kipo."

Sasa mke wangu yuko jikoni, ananikorogea uji. Ndiye anayenigeuza kitandani. Nikimwambia, huenda nikafa bila mkono wake. Nisipomwambia, nitafia ndani ya kontena. Ninyi mliowahi kumzika ndugu, mngetaka kuambiwa?

Nimeanza kusema hapa ili ulimi uzoee. Lori lilikuwa bado halijasonga. Kukata sili kungemaanisha kuanza makaratasi upya na kupoteza nafasi kwenye foleni, nikajiambia ng'ambo watamfungulia baada ya saa moja. Aligonga mara tatu, akaita, "Shemeji." Nilimsikia.